Aliyechora Bango la Moto

Hodi ilipopigwa Jumanne ile, Mena Lobosco alifanya kile alichokifanya kila ilipopigwa hodi: alitandaza shuka juu ya meza ya mumewe, akaweka shati juu ya shuka, na pasi juu ya shati. Pasi yenyewe ilikuwa baridi. Binti yao Loretta, wa miaka kumi na mmoja, alizoa mabaki ya kifutio kwa kiganja akayatia mfukoni mwa sketi, naye Carmine akafunga chupa ya wino akaisukuma nyuma ya pazia. Walikuwa wepesi wa kupindukia. Jirani yeyote aliyeingia baada ya hapo alimkuta mama anapiga pasi, mtoto anasoma, na baba ananyoosha shingo na kupiga miayo.

Sisi wa jengo lile tulijua kwamba Carmine ni mchoraji wa matangazo ya biashara. Alichora mashati, kofia, na mara mojamoja jokofu. Hivyo ndivyo alivyotuambia, mkewe naye akatuambia vivyo hivyo, na mtoto akafundishwa kusema hivyo hivyo. Tukaona fahari kidogo, maana waashi mtaa wetu wa Brooklyn ulikuwa nao tele, na wauza samaki usiseme, lakini mchoraji tulikuwa naye huyo mmoja tu.

Ukweli ulikuwa chini ya shuka. Carmine alichora vitabu vya katuni, tena si vile vya sungura na bata. Alichora maiti wanaofufuka na waume wanaowazika wake zao sakafuni. Kitabu chake kiliitwa Mlango wa Chini, kilitoka kila mwezi, na jina lake halikuwemo humo hata mara moja, kwa kuwa kampuni haikutaka wachoraji watie sahihi. Mena ndiye aliyeandika maneno ndani ya vile viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Loretta akitoka shule alifuta mistari ya penseli wino ukishakauka. Familia nzima ilikula kwa maiti hao.

Na nisimwonee Carmine: alikuwa bingwa. Wenzake walitisha watoto kwa meno na damu. Yeye alitoa safu nzima ya picha isiyokuwa na kitu ila mkono wa mtu juu ya kitasa cha mlango. Picha ya kwanza mkono umetulia, ya pili kidole gumba kimekaza, ya tatu mishipa imesimama. Mtoto akiona hayo hafungui ukurasa wa pili mpaka amwite mtu. Vijana wa kampuni walianza kumwiga, wa kampuni nyingine wakawaiga hao, hata ikafika mahali huwezi kununua kitabu cha kutisha Marekani nzima usikute mkono juu ya kitasa. Na aliyeuanzisha alikuwa anajificha nyuma ya shati.

Mwaka ule wa hamsini na nne magazeti yalikuwa yamewaka. Madaktari walisema vitabu hivyo vinawafanya watoto wezi na wauaji. Wanawake walipokutana kwa muuza nyama walisema anayechora uchafu ule hana mama. Mena alikuwa akitikisa kichwa pamoja nao, kisha akirudi nyumbani anaandika: "Hahaha! Umenizika, lakini hukunizika vya kutosha!"

Aliyepiga hodi Jumanne ile alikuwa Padri Gallo, paroko wetu.

*

"Karibu, Padri. Samahani kwa fujo," alisema Mena, akisogeza pasi.

"Endelea, mama, endelea. Nguo hazimngoji padri." Padri Gallo alikuwa mtu mnene mwenye huruma na magoti mabovu. Alivuta kiti mpaka kwenye meza, akaegemeza viwiko vyote viwili juu ya shuka. Chini ya kiwiko cha kushoto kulikuwa na ukurasa ambao wino wake haujakauka. Loretta alitazama kiwiko kile akasahau kupumua.

"Carmine, mwanangu, nimekuja kukuomba mkono wako," alisema Padri.

"Mkono wangu?"

"Unaochora. Jumamosi hii Sista Benigna anawakusanya watoto uwanjani mwa shule. Kila mtoto aje na vitabu vyake vya katuni, vile vichafu. Tutawasha moto, tutasali, wazazi watakuja. Bado kitu kimoja, bango. Sista alijaribu mwenyewe, masikini." Padri alishusha sauti. "Alichora shetani akatoka anafanana na mimi."

Mena alicheka mno, kicheko cha mtu anayetaka kulia. Carmine akakuna kidevu.

"Padri, mimi ni mtu wa mashati."

"Mtu anayejua shati atashindwa moto? Chora tu mtoto anatupa kitabu motoni. Nani mwingine nimwombe, Don Saverio mwoka mikate atuchoree kwa unga?"

Hapo ndipo Carmine angeweza kusema neno. Neno lilikuwa fupi, na aliyelingoja alikuwa mtu mwema. Lakini alimwona Mena ameshika pasi kwa mikono miwili, akawaza ngazi za jengo letu, na nyuso zetu kwenye ngazi hizo.

"Nitachora, Padri. Ni heshima kwangu."

Padri aliinuka kwa taabu, akambariki kila mmoja, akambariki na meza. Alipofika mlangoni, Loretta aliona doa jeusi kwenye kiwiko cha kanzu yake. Kwenye kanzu nyeusi asiyejua asingeliona, namshukuru Mungu kwa rangi za makasisi.

*

"Ungesema mkono unauma," alisema Mena nyayo za Padri zilipopotea.

"Nimeshakubali."

"Kukubali ndiyo ugonjwa wako. Kampuni ikisema usitie sahihi, umekubali. Padri akisema jichome mwenyewe, umekubali."

"Wewe ungetaka niseme nini? Padri, ondoa kiwiko juu ya maiti wangu?"

Mena hakucheka. Alivua shuka, akautazama ukurasa uliovurugika, akakaa. "Basi kama lazima uchore, chora vibaya. Unanisikia, Carmine? Vibaya. Kama mtu wa mashati."

Alijaribu, hilo nalishuhudia kwa niaba yake. Jioni ya Jumatano alichora mtoto mwenye mashavu ya duara na moto wenye ndimi tatu zinazolingana, picha ambayo ungeiona kwenye boksi la biskuti. Akachora mkono unaotupa kitabu, mkono wa vidole vinene vilivyonyooka. Akaenda kunywa kahawa. Akarudi, akautazama ule mkono, akaufuta. Akauchora tena vibaya. Akaufuta tena. Mkono mbaya ulikuwa unamkera kuliko dhambi. Mara ya tatu hakujizuia, penseli ikaenda ilikozoea: kidole gumba kimekaza, kiungo cha kidole cha shahada kimepanda, mishipa imesimama, na kitabu kimeshaachiwa lakini vidole bado havijaamini. Ulikuwa mkono mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora, na aliupaka wino upesi kabla Mena hajatoka jikoni.

Loretta aliletewa bango afute penseli. Aliinama, akasita.

"Papa, huu ni ule mkono wa kwenye kitasa."

"Ni mkono tu. Kila mtu ana mikono."

"Mama alisema..."

"Hakuna jina, hakuna mtu. Futa, mwanangu."

Alifuta. Ijumaa alihitaji vitabu vya kupeleka motoni, akamwomba baba yake. Carmine alifungua kabati, akachambua chini ya makoti kwa muda mrefu, akampa vitatu. Vyote vilikuwa vimechorwa na wenzake. Hata katika aibu mtu ana majivuno yake.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanawake walivaa kofia zao za kanisani. Moto uliwashwa ndani ya pipa la chuma, na bango likasimamishwa mbele yake juu ya ngazi ya fundi rangi. Watu wazima walilitazama wakasema zuri, linafundisha. Padri Gallo alimwonyesha Carmine kwa kila aliyepita: "Ni huyu hapa, mwanaparokia wetu," na wanaume wakamshika mkono. Mena alikuwa amesimama pembeni na mkoba kifuani, anaitikia pongezi.

Watoto walipanga mstari. Na sasa nikwambie kosa la Carmine, kosa ambalo mchoraji wa katuni peke yake ndiye angeweza kulifanya. Alidhani kazi isiyo na sahihi haina mwenyewe. Kwa watu wazima ni kweli. Lakini watoto walikuwa wakivisoma vitabu vile chini ya blanketi, ukurasa mmoja mara ishirini, na kwa kuwa hawakupewa majina walijifunza kuwatambua wachoraji kwa namna walivyochora pua, mikunjo ya nguo, vivuli. Carmine walikuwa wamempa jina lao. Walimwita Bwana Vidole.

Aliyefika wa kwanza mbele ya bango alikuwa Nunzia Cafarelli, binti wa Don Saverio mwoka mikate, rafiki ya Loretta wa dawati moja. Alikuwa na vitabu kwapani na furushi la karatasi za kufungia mikate. Alitazama bango akasimama. Mstari ukamgonga mgongoni.

"Ni Bwana Vidole," alisema. Kisha kwa sauti: "Jamani, njooni muone! Hili bango kalichora Bwana Vidole! Yule wa Mlango wa Chini!"

Mstari ulivunjika. Watoto walilizunguka bango, wakanyoosha shingo. "Ndiye! Tazama gumba!" "Kweli ndiye, tazama mishipa!" Nunzia aligeuka, akamtafuta kwa macho Carmine aliyekuwa amesimama kando ya Padri, na uso wa mtoto yule ukajaa furaha isiyosemeka.

"Bwana Lobosco! Kumbe ni wewe! Ghorofa ya tatu, juu yetu, siku zote ni wewe!"

Wanawake wa kofia waligeuka wote kumtazama Carmine. Sista Benigna alifika kwa hatua ndefu.

"Unasema nini, Nunzia? Unamsingizia mtu mzima, mbele ya Padri?"

"Simsingizii, Sista. Mkono ni uleule. Muulize Loretta, yeye atasema."

Sista alimgeukia Loretta. "Loretta Lobosco. Baba yako anachora vitabu hivi?"

Loretta hakumjibu Sista kwanza. Alimtazama baba yake. Hakuwa anamwomba msaada, alikuwa anauliza aseme lipi. Na Carmine, Mungu amsamehe, alitazama chini kwenye viatu vyake, na mtoto akaelewa.

"Hapana, Sista. Papa anachora mashati."

"Bwana Lobosco?" aliuliza Sista, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mashati," alisema Carmine. "Na kofia."

Sista Benigna alitoa rula ndani ya mkono wa kanzu yake. Nunzia alinyoosha viganja bila kuambiwa, maana wote walijua utaratibu. Alipigwa akitazama upande wa Carmine, na kila rula iliposhuka alionekana kushangaa zaidi kuliko kuumia. Don Saverio alikuwa kazini kwenye tanuri lake. Hakuna mzazi mwingine aliyesema kitu. Mimi pia nilikuwa pale, na sikusema.

"Na hayo makaratasi?" Sista alichukua lile furushi. Karatasi za mikate zilifunguka. Zote zilikuwa na mikono. Mtoto alikuwa ameiga mkono wa Carmine, mwanzoni kwa makosa, gumba limekaa upande usio wake; kisha vizuri; kisha, karatasi za mwisho, alikuwa ameacha kuiga. Mikono ile ilikuwa ya mwanamke mnene anayekanda unga, vifundo vimezama, na hakukuwa na mchoraji yeyote mjini aliyekuwa anachora mikono namna ile. Carmine aliona. Katika uwanja mzima ni yeye tu aliyejua anaona nini.

"Tia motoni," alisema Sista.

Nunzia alizitia moja moja, kwa ncha za vidole, kwa sababu viganja vilikuwa vimevimba.

*

Walipofika nyumbani Mena alivua kofia akaitupa juu ya kitanda.

"Nilikwambia chora vibaya."

"Najua."

"Hujui. Ningekuwa wewe ningenyamaza vilevile, hiyo ndiyo inaniua. Nilikuwa na mdomo, sikuufungua." Alianza kulia huku akimenya vitunguu, ili asihesabiwe kuwa analia.

Kurasa zilikuwa mezani zinangoja kufutwa. Loretta hakuzigusa. Alikuwa amevaa koti.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Carmine.

"Kuungama. Ni Jumamosi." Alifunga vifungo taratibu. "Papa, nikimwambia Padri kwamba nilisema uongo, ataniuliza uongo gani. Nimwambie? Au nako nidanganye?"

Carmine alichukua kofia yake akatoka na mtoto.

Walikaa mstari mmoja kanisani wakingoja zamu. Loretta aliingia kwenye kibanda cha maungamo, akatoka macho mekundu. Carmine akaingia, akapiga magoti, akasema yote kwa mkupuo: maiti, shuka, bango, mashati. Upande wa pili wa kidirisha Padri Gallo alishusha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo kiwiko changu," alisema mwishowe, "kile kiwiko..."

"Ndiyo, Padri. Nisamehe."

"Kanzu inafuliwa." Padri alisugua goti. "Mungu anakusamehe, hiyo ni kazi yake, na nitakupa malipizi. Lakini mimi sikupigwa rula, Carmine. Wala Mungu hakupigwa. Humu ndani umeniambia mimi, na maungamo ni siri, nikitoka hapa sijui kitu. Unanielewa? Siwezi kukusaidia hata kwa neno moja."

"Nani atanisaidia?"

"Una miguu," alisema Padri, akafunga kidirisha.

*

Jumapili yote Carmine alipita mbele ya duka la mikate la Don Saverio na kurudi, kupita na kurudi, na mara zote duka lilikuwa na watu. Jumatatu asubuhi Loretta alipokuwa anafunga mkoba wa shule alimkuta baba yake mlangoni amevaa tai.

"Tunakwenda wote," alisema.

Mena alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Watatufukuza mtaani," alisema. Kisha akamnyooshea kola. "Nenda."

Sista Benigna hakufurahi kumwona darasani, lakini mzazi ni mzazi. Watoto walisimama, wakasema asubuhi njema Bwana Lobosco, wakakaa. Nunzia alikuwa dawati la tatu, mikono chini ya meza. Loretta alikwenda akakaa kando yake, akiacha nafasi kubwa kati yao.

"Jumamosi niliwaambia nachora mashati," alianza Carmine. "Sichori mashati. Nachora Mlango wa Chini. Nimekichora tangu toleo la kwanza. Nunzia alisema kweli, na binti yangu alidanganya kwa sababu mimi nilitaka adanganye. Ninaona aibu. Sioni aibu kwa vitabu. Ninaona aibu kwa Jumamosi."

Alikuwa amejiandaa kwa kimya, au kwa kuzomewa, au kwa Sista kumwonyesha mlango. Hakujiandaa kwa kilichotokea. Darasa lililipuka. "Bwana Vidole!" walipiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Wavulana walipanda juu ya viti. Mmoja alirarua karatasi ya daftari akakimbia nayo mbele: "Nichoree mkono! Bwana, nichoree mkono wa kitasa!" Wengine wakamfuata, karatasi zikajaa mbele ya kifua chake. Sista alipiga meza kwa rula, hakuna aliyesikia. Katika maisha yake yote Carmine hakuwahi kushangiliwa, wala kusikia kazi yake ikitajwa pamoja na uso wake, na haya yote alipewa asubuhi ile, kama malipo ya aibu ile ya Jumamosi.

Hakupokea karatasi hata moja. Aliwapita watoto mpaka dawati la tatu.

"Nunzia," alisema, akainama. "Karatasi zako niliziona. Ile mikono ya mama yako. Mimi siwezi kuchora vile. Njoo juu kwetu siku yoyote, meza ni yako, kalamu zangu ni zako. Naomba unisamehe."

Kelele zilipungua. Nunzia alitoa mikono chini ya meza akaiweka juu, viganja chini, akaitazama yeye mwenyewe.

"Nilidhani hukusikia," alisema. "Jumamosi. Nilijiambia, uwanja ni mkubwa, Bwana Lobosco hakusikia. Mpaka leo nilikuwa nasema hukusikia."

"Nilisikia," alisema Carmine.

"Basi," alisema Nunzia, akavuta kitabu chake cha hesabu, akakifungua.